Pombe na Majira Yake

Binadamu hufurahi kwa kalenda. Hatujui taifa lisilotenga siku za kula na kunywa mbali na siku za kujizuia, na aghalabu kinywaji cha siku hizo si kile cha siku zote. Wazungu wa kaskazini wana pombe yao ya Krismasi, nzito na kali kuliko ya kiangazi, nao huipenda zaidi kwa kuwa haipatikani mwezi wa Juni. Katika Tabora, na hasa katika kata kama Cheyo, ambako Mwislamu na Mkristo hukaa ukuta kwa ukuta, jambo hili lina utata ambao Mzungu wa zamani hakuujua. Kwake bwana wa furaha alikuwa mmoja. Kwetu mabwana ni watatu: mvua hutawala mavuno, mwezi mwandamo hutawala Ramadhani na Idi, na jua hutawala Krismasi, na mabwana hawa hawafanyi shauri pamoja. Swali la insha hii ni fupi kulitamka na refu kulijibu: mtu anayetaka kufurahi kwa haki amtii yupi? Nasema kwa haki, maana kufurahi tu hakuhitaji falsafa.

Tuanze na wale waliokuwa na sikukuu hii kabla yetu. Shayiri ya Ulaya huvunwa kiangazi kinapoelekea kwisha. Zamani, kabla ya mashine za baridi, pombe iliyopikwa wakati wa joto iliharibika upesi, na kwa sababu hiyo watawala wa Bavaria waliamuru mwaka 1553 kwamba pombe ipikwe baina ya tarehe 29 Septemba na 23 Aprili tu. Huko Norwei, sheria ya kale ya Gulating ilikwenda mbali zaidi. Mkulima alilazimishwa kuwa na pombe iliyopikwa kwa ajili ya usiku wa Krismasi, ibarikiwe kwa kuomba mwaka mwema na amani, na aliyekosa kufanya hivyo alitozwa faini. Msomaji anaweza kucheka kusikia kwamba mtu aliadhibiwa kwa kukosa pombe nyumbani mwake, lakini sheria ile haikutungwa na walevi. Desemba ya kaskazini ni mwezi ambao ghala limejaa, wanyama wasioweza kulishwa mpaka mwisho wa theluji wamechinjwa, ardhi imekuwa ngumu kama jiwe, na mikono haina kazi ya shamba. Aliyekuwa na shayiri na asipike alionekana ameficha neema ambayo jirani zake walikuwa na sehemu ndani yake. Sikukuu na ghala vilikutana, na sheria ikasimama mlangoni kuhakikisha kwamba havipitani.

Sasa tazama Unyamwezi. Mvua huanza Novemba au karibu yake, na hukoma Aprili au Mei. Mtama, uwele na mahindi huvunwa mvua zikiisha. Desemba, basi, ni mwezi wa jembe. Nafaka ya mwaka uliopita imepungua, ya mwaka ujao ingali majani, na watoto hujishibisha kwa maembe ya miti ile mikubwa ambayo ni sifa ya Tabora na kivuli chake. Mapadri wa shirika la White Fathers, waliofika nchi hii mwishoni mwa miaka ya 1870, waliileta sikukuu pamoja na tarehe yake, ila ghala lake hawakuweza kulileta. Tarehe husafirishwa katika kitabu. Ghala hubaki nyuma.

Miaka michache kabla yao, tarehe 25 Desemba 1871, Stanley alitaka kufanya karamu ya Krismasi pamoja na Livingstone huko Ujiji, mwisho wa njia hiihii ya misafara ipitayo Tabora. Soko la Ujiji lilikuwa tajiri: palipatikana kondoo, mbuzi, mayai, maziwa, samaki, pombe na tembo la mchikichi. Lakini mpishi wake, Ferajji, aliharibu nyama ya kuoka na kuunguza kitamutamu cha maziwa na mayai, na karamu ikavunjika. Siku mbili baadaye waliondoka Ujiji kwa safari iliyowaleta Tabora Februari 1872. Stanley alimlaumu mpishi katika kitabu chake. Mimi humhurumia Ferajji, kwani aliamriwa kuitukuza siku ambayo kwake ilikuwa Jumatatu.

Hapa yafaa tukitazame kinywaji chenyewe, maana hoja yangu kubwa imo ndani ya mtungi. Pombe ya nafaka hufanywa hivi. Sehemu ya nafaka hulowekwa mpaka imee, kisha hukaushwa na kusagwa. Huo ndio unga wa kimea. Sehemu nyingine hupikwa uji. Kimea hutiwa katika uji uliopoa, mchanganyiko huachwa uchachuke, na huchujwa machicha yabaki nyuma. Burton alifika Kazeh, jina la zamani la mahali ilipo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, naye aliandika juu ya pombe ya nchi hizi kwamba baada ya siku ya tatu hugeuka kali kama siki. Burton hakuwa mtu wa huruma katika maandishi yake juu ya Waafrika, na mengi aliyosema yafaa kusomwa kwa tahadhari. Walakini katika jambo hili la siki kila mpika pombe atamshuhudia.

Siku tatu! Fikiri maana yake. Wahenga wetu wamesema akiba haiozi, na neno hili ni kweli kwa nafaka iliyokauka vizuri, ambayo hungoja miezi mingi ikiwa imefichwa na mwenyewe. Lakini nafaka ikisha kuwa pombe haiwezi kungoja wala kufichwa. Mwenye kupika mitungi minne hawezi kuinywa peke yake kwa siku tatu, na hata akijaribu tumbo lake litamkataza. Lazima aite watu. Kwa hiyo ukarimu wa pombe ya mavuno haukutegemea wema wa moyo peke yake: uchachu ulimsukuma mchoyo kufanya kama afanyavyo mkarimu. Katika maadili tunapenda kusifu nia, na kweli nia ni bora. Lakini jamii yenye busara haijengi furaha yake juu ya nia njema pekee, kwa sababu nia hubadilika na siki haibadiliki. Nadhani si bahati tu kwamba siku ya tatu, ambayo pombe huharibika, ndiyo ileile ambayo methali humpa mgeni jembe. Mambo mawili haya yana mpaka mmoja: karamu ina mwisho, na baada yake kuna kazi.

Kazi yenyewe nayo ilikuwa na kinywaji chake. Katika vijiji vya Unyamwezi, kama katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, kupura nafaka au kulima shamba kubwa kulifanywa na majirani walioitwa, nao walilipwa kwa pombe. Aliyekunywa alikuwa na jasho la kuonyesha, na mwenye shamba alikuwa na deni la kwenda kwa mwenziwe siku nyingine. Wapagazi waliofanya jina la Wanyamwezi lijulikane mpaka Bagamoyo walifuata majira hayohayo: wengi waliondoka baada ya mavuno, wakatumia kiangazi njiani, na walitamani kurejea kabla shamba halijataka jembe. Pombe ya mavuno ilikuwa pia pombe ya kuagana. Kuna mtu atakayesema kwamba napamba mambo ya kale. Sipambi. Pombe hiyohiyo iligombanisha ndugu, na mzigo wa kuipika uliwaangukia wanawake ilhali sehemu kubwa ya sifa iliwaangukia wanaume. Nasema tu kwamba ilikuja wakati nyumba ilipoweza kuimudu.

Je, twaweza kuhukumu basi kwamba Krismasi ya pombe ni jambo geni na lisilofaa katika Afrika ya Mashariki? Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka. Nenda Uchagani mwezi wa Desemba, wakati watoto wa Kilimanjaro waishio Dar es Salaam na kwingineko wanaporudi kwao kwa wingi. Mbege yao hufanywa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na hutiwa uchungu wa gome la msesewe. Mgomba hauna mwezi mmoja wa kuzaa. Hutoa ndizi mwaka mzima, na kwa hiyo sikukuu ya Desemba haiibi chakula cha Januari kwa kiasi cha kutisha. Au nenda nyanda za Iringa, ambako ulanzi hugemwa katika machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Huko kinywaji cha majira na Krismasi vimekutana bila kuagana, na hakuna punje iliyoguswa. Tarehe moja yaweza kuwa na haki mlimani na isiwe na haki uwandani.

Turudi Cheyo. Tuseme yuko mama anayepika pombe kwa kuuza, naye Desemba anataka kupika kwa ajili ya sikukuu. Achukue madebe mawili ya mahindi. Debe moja lina uzito wa kilo 18 hadi 20. Nyumba ya watu sita inayokula kilo 3 za unga kwa siku itakula debe moja kwa siku sita hivi. Basi mitungi ya sikukuu imemeza ugali wa siku kumi na mbili, katika mwezi ambao bei ya nafaka hupanda na ghala hushuka. Mwenye kufuata bwana mvua atasema: huyu anakula kesho yake. Hoja hiyo ina nguvu, na ningeikubali kama ingekuwa yote. Lakini shule hufunguliwa Januari. Ada zimekwisha kufutwa katika shule za msingi za serikali tangu mwaka 2001 na katika sekondari za chini tangu 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa na mtu. Mama huyu hapiki ili anywe. Huenda haonji hata kata moja. Huyageuza mahindi kuwa pombe, pombe kuwa fedha, na fedha kuwa daftari, na hufanya hivyo Desemba kwa sababu Desemba ndipo watu walio na mishahara huwa tayari kununua. Huyo anaijua kesho yake kuliko wanaomwonya.

Ugumu wa swali letu umo hapa, maana furaha ya mmoja ni kazi ya mwingine, na madebe yaleyale mawili hupimwa kwa mizani mbili. Anayekunywa katika kilabu aulizwe kama nyumba yake mwenyewe ina unga. Anayepika aulizwe kama faida yake itarudisha nafaka aliyoitumia na zaidi. Pombe ikiuzwa yote kabla ya siku ya tatu, mama ameshinda. Mvua kubwa ikinyesha mchana kutwa tarehe 25, kama inyeshavyo mara nyingi, wateja wakabaki majumbani, ile siki ambayo wakati wa mavuno ilimlazimisha kuwa mkarimu sasa inamfukarisha. Kinywaji ni kilekile, na kanuni ya uchachu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye mtungi hana tena ghala nyuma yake.

Wako wanaosema chupa imemaliza tatizo hili. Pombe ya kiwandani haigusi ghala la nyumbani, haichachuki, na nguvu yake imeandikwa juu ya karatasi. Nami siidharau faida hiyo, kwani mtu ana haki ya kujua anachokunywa. Tangu miaka ya 1870, Carl von Linde alipotengeneza mashine za baridi kwa ajili ya viwanda vya pombe vya Munich, kiangazi na kipupwe vimekuwa sawa mbele ya mpika pombe. Chupa ya Juni na chupa ya Desemba ni ndugu pacha. Lakini tazama ajabu ya binadamu: alipokwisha kuwekwa huru na majira, alianza kuyatafuta. Mwaka 1975 kiwanda cha Anchor huko San Francisco kilianza kutoa pombe ya Krismasi iliyopikwa kwa namna mpya kila mwaka, na kila mwaka karatasi ya chupa ilikuwa na picha ya mti mwingine. Na watu waliingoja kama mkulima angojavyo mvua, mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2023. Hakuna baridi iliyowalazimisha wala shayiri iliyowahimiza. Walijifunga wenyewe.

Mwenye dhihaka atasema huo ni ujanja wa biashara, naye hatakosa kabisa. Kungoja huongeza hamu, na hamu huongeza bei. Walakini biashara haiwezi kuuza kitu kisichotamaniwa, na kilichotamaniwa hapa kilikuwa mpaka. Kinachopatikana kila siku hakina jana yake. Hakuna siku ambayo mtu aliweza kusema bado. Naona kosa la chupa si kwamba ni ya kigeni, bali kwamba yaweza kungoja. Kwa kuwa yaweza kungoja, yaweza kufichwa. Na kwa kuwa yaweza kufichwa, mtu aweza kuimaliza peke yake chumbani, siku yoyote, bila kumwita jirani na bila kulazimishwa na siki. Wajibu ambao mtungi uliubeba kwa asili yake, chupa imeuacha mikononi mwa mnywaji, na mikono ya wanywaji wengi ni milegevu.

Tumekwisha kusikia habari za mvua na jua, mwezi haujasema. Jirani Mwislamu wa Cheyo hanywi pombe kabisa, na ingeonekana kwamba hana neno katika shauri hili. Mimi nadhani ana neno kubwa kuliko wote. Mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka, na kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi huzunguka majira yote. Idi yaweza kuangukia mavunoni, yaweza kuangukia njaa. Mwishoni mwa Desemba mwaka 2000 Idi el-Fitri ilikuja siku mbili au tatu baada ya Krismasi, na maana yake ni kwamba tarehe 25 upande mmoja wa ukuta watu walikuwa wakila na upande wa pili walikuwa wamefunga. Furaha ya Idi haitegemei ghala wala baridi. Hutegemea siku ishirini na tisa au thelathini za kujizuia zilizotangulia. Mwislamu hakungoja majira yamletee mpaka; aliuweka mpaka ndani ya mwili wake mwenyewe, na tajiri na maskini wakawa na jana iliyo moja. Wakristo wa zamani nao walifunga katika majuma ya kuingojea Krismasi, desturi ambayo wengi wameiacha huku wakiishika karamu.

Nikiulizwa sasa mtu amtii bwana yupi, nitajibu kwamba mvua ina haki ya kwanza, kwa sababu mvua huzungumza kwa vinywa vya watoto: hakuna sikukuu yenye haki ya kula unga wao. Baada ya hapo tarehe si kitu kikubwa. Anayemudu Krismasi na ainywe Krismasi, anayengoja Juni na angoje Juni. Lakini aliyekunywa jana na juzi na siku zote kabla yake asituambie kwamba tarehe 25 anasherehekea, maana hakuna alichokingoja. Na jirani asiyekunywa asiachwe nje ya mlango. Jambo hili ni jepesi kuliko linavyodhaniwa, kwa kuwa uji uleule uliotiwa kimea, kabla haujachachuka ukawa pombe, ni togwa: tamu, yenye kushibisha, hupewa hata watoto. Mtungi mmoja huwa na saa ambayo watu wote wa Cheyo waweza kunywa, na saa nyingine ambayo wachache tu. Mwenye nyumba mwenye adabu huteka togwa kwanza, huipeleka ng'ambo ya ukuta, na kama ni Ramadhani huipeleka jua likichwa. Kisha huuacha mtungi wake uendelee na safari yake.

Limebaki jambo la asali. Tabora ni nchi ya asali, na asali ni akiba isiyooza hata kidogo. Hutengenezwa kinywaji kiitwacho wanzuki, na anayekitengeneza Desemba hakugusa punje ya nafaka. Mtu aweza kufikiri kwamba hapa ndipo mabwana watatu wangepatana. Lakini mzinga wa gome, ambao ni wa desturi katika misitu ya miombo, hupatikana kwa kumenya mti uliosimama, na mti uliomenywa hufa. Na tumbaku ya mkoa huu nayo imekula miti mingi, kwa maana hukaushwa kwa moto wa kuni. Kadiri msitu unavyorudi nyuma ndivyo asali inavyotoka mbali, na kadiri inavyotoka mbali ndivyo bei yake inavyopanda. Anayetaka kupika wanzuki kwa sikukuu hana budi kupiga hesabu ileile ya madebe mawili, safari hii kwa fedha, na mwaka ambao asali ni ghali kuliko mahindi ataona kwamba hesabu inamrudisha katika ghala lake.